Mpaka Nyumba Iishe

Siku ile soko la Arusha lilikuwa limejaa, na aliyeanza kukimbia hakujulikana. Mwenye ndizi aliacha ndizi zake. Mwenye mbuzi aliacha mbuzi, na mbuzi naye akakimbia.

"Askari! Wanashika watu!"

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Mizigo ya vita ilibebwa na vichwa vya watu. Mwanamume mwenye shingo nzuri akionekana sokoni asubuhi, jioni shingo ile ina kamba. Waliopelekwa Moshi mwaka uliotangulia, hakuna hata mmoja aliyekuwa amerudi kusimulia.

Nanyori alikuwa amekuja kununua chumvi. Alivaa kaniki mpya na shanga nyeupe na buluu, safu tatu shingoni. Alipogeuka akimbie, akagongana na kijana mweupe kutoka utosini mpaka vidoleni, gunia begani.

"Wewe maiti au mtu?"

"Nitakuwa maiti sasa hivi ukinizuia njia, dada."

Lilikuwa gunia la chokaa, limepasuka likammwagikia. Kabla hajapata pa kupita, askari mwenye kaki alikwisha kumshika mkono.

Nanyori hakufikiri. Angefikiri, angenyamaza. Akamvuta yule kijana kwa mkono wa pili na kumfokea, "Ulikuwa wapi wewe? Mama anakungoja na ukuta tangu asubuhi!" Kisha akamgeukia askari. "Huyu fundi wa nyumba ya Karani Eliasi. Mchukue tu, afande, halafu kapake chokaa wewe mwenyewe."

Mkono wa askari ukalegea. "Kesho nitamuuliza karani," alisema. "Ukiwa umenidanganya, nakuja kwenu."

Walitembea haraka bila kuangalia nyuma. Kijana akajipangusa chokaa machoni. Akasema jina lake ni Sumari, Mmeru wa Nkoaranga, na kupaka chokaa ndiyo kazi yake ya kweli.

"Mungu mkubwa," alisema Nanyori. "Sisi hatuna fundi, na mimi sikujui."

"Na huyo Karani Eliasi ni nani?"

"Ndiye anayeandika majina ya wanaofungwa kamba."

Sumari akasimama katikati ya njia. "Umenitoa kinywani mwa fisi ukanipeleka pangoni kwake?"

"Fisi anataka nyumba. Nyumba inataka chokaa. Wewe una chokaa. Sema asante, twende."

Nyumba yenyewe ilikuwa chini ya boma la Wajerumani, upande wa mtoni. Marehemu Lemburis, baba yake Nanyori, mchuuzi wa ngozi, aliijenga ya pembe nne ili watu wa pwani wamhesabu mtu wa mji. Nje ilikuwa ya mji, ndani ikabaki ya mlimani: moto katikati, ndama pembeni, boriti nyeusi kwa masizi. Sasa mjane wake, Nashipae, Mmaasai wa Kisongo, alitaka kuiuza apate ng'ombe, ahamie kwa kaka yake mbali na njia ya majeshi. Upepo ukitoka Longido, watu waliapa kwamba wamesikia mzinga.

Mnunuzi alikuwa mmoja tu, huyo Karani Eliasi, mtu wa Tanga, koti jeupe na tarbushi nyekundu. "Mjerumani hashindwi," alikuwa akisema, "nami nataka kukaa kwangu."

"Ndiyo, bwana," alijibu Nashipae, kisha akamwambia binti yake kwa Kimaasai, "Tumuuzie kabla masikio yake hayajafunguka."

Karani alikuja jioni ile ile na mkewe, Hanna, mwenye gauni la mikono mirefu na viatu vinavyolia. Hanna aliweka leso puani tangu mlangoni.

"Mimi siwezi kulala na ndama," alisema. "Siku hizi watu wanakaa kisasa. Moto utoke, jiko liwe nje. Dirisha liwe na kioo. Sakafu ipigwe iwe ngumu. Na kuta ziwe nyeupe ndani na nje, nyeupe ya kweli, si ya kunidanganya."

"Tumepata fundi, mama," Nanyori alidakia.

Karani alimtazama Sumari. Hakuanza na mikono, alianza na shingo. "Umejifunza wapi?"

"Nkoaranga, bwana, kwa wamisioni. Nimepaka kanisa."

Karani alitoa karatasi, akaandika, akagonga muhuri, akasoma kwa sauti: "Huyu asishikwe mpaka nyumba iishe. Ikiisha, cheti kinarudi kwangu. Rudia."

"Mpaka nyumba iishe, bwana."

Kila aliyekuwa ndani alielewa. Nashipae peke yake ndiye aliyefurahi, maana aliona ng'ombe.

Sumari akaanza kazi. Alitoa moto nje, akasugua masizi, akaziba nyufa kwa udongo, akapiga sakafu kwa nyundo ya mti mpaka ikalia kama jiwe. Kioo kimoja cha dirisha kilipatikana kwa Mgiriki mwenye duka, kina ufa pembeni, akakigeuza ufa uelekee juu Hanna asiuone. Koti lake, lenye cheti mfukoni, alilitundika kwenye msumari karibu. Buti zikipita njiani, brashi ilisimama hewani na mkono wake ukaenda kwenye koti. Buti zikipita, brashi ikaendelea.

Nanyori alimletea maziwa mgando kwenye kibuyu.

"Ninyi Wameru mnakula ndizi mpaka mnafanana nazo."

"Nanyi mnakunywa maziwa mpaka mnatembea kama ng'ombe. Hasa wewe. Polepole, shingo juu."

"Unatazama mwendo wangu au unatazama ukuta?"

"Ukuta hauendi popote, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Nanyori aliinamisha kichwa, shanga zikalia. Hakulirudisha neno wala hakulikataa. Alichukua kibuyu akatoka, na mlangoni akajigonga kwenye mwimo ambao amepita maisha yake yote.

Tangu siku ile walitafutana kwa visingizio. Sumari alikuwa na kiu kila saa. Msichana akawa na sababu ya kufagia pale pale alipofagia asubuhi.

"Una chokaa kwenye nyusi, fundi. Umezeeka."

"Nifute basi, nirudi ujanani."

Alimfuta kwa ncha ya kaniki. Mkono ulikaa usoni pake kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji, mpaka Nashipae akakohoa uani.

Lakini karani naye alikuwa akipita. Alisimama mlangoni bila kuingia, asichafue koti.

"Simu imelia tena kutoka Moshi. Wanataka watu mia mbili. Umebakiza kuta ngapi?"

"Nne, bwana."

Baada ya siku nne akaja tena. "Simu haikomi. Ngapi?"

"Mbili, bwana."

"Vizuri," alisema karani.

Nanyori alikuwa nyuma ya mlango, amejiziba mdomo kwa mkono. Ukuta mmoja, siku mbili. Nyumba ilikuwa inapendeza na yeye alikuwa anakonda. Ukuta ukiwa mweupe aliuona kama sanda. Mchana ule Sumari alipokwenda mtoni kuchota maji, Nanyori alichukua mafuta ya kondoo ya mama yake, yale ya kujipaka mwilini, akayasugua kwenye kuta mbili zilizobaki, kutoka chini mpaka mkono ulipofika. Katika ule udongo mweusi wa moshi, hayakuonekana.

Sumari akapaka juu yake. Asubuhi ya tano Hanna alikuja na mumewe kutazama. Chokaa ilikuwa imevimba na kuning'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua. Hanna aliigusa kwa kidole, kipande kikubwa kama sahani kikamwangukia kiganjani.

"Ndiyo nyumba ya kisasa hii?" aliuliza.

Karani hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi. "Fundi wa kanisa. Nakupa siku tatu. Zikipita kuta ziko hivi, nyumba sinunui, na jina la kwanza kwenye orodha ni lako."

Walipoondoka, Sumari aliinama akanusa ukuta. Alinusa tena. Harufu ile aliijua. Ilikuwa ndiyo harufu ya mkono uliomfuta nyusi.

"Nani amepaka mafuta hapa?"

Nashipae alikuwa amesimama pale pale, macho mekundu, akihesabu ng'ombe wanaompotea. Nanyori alifungua mdomo. Akamwona mama yake. Akafunga.

"Nauliza, nani?"

Nanyori akainama kuokota vipande vya chokaa.

"Basi nimeelewa," alisema Sumari. "Mlitafuta Mmeru wa kumcheka. Mtu anashikwa kwa kukosa bahati, mimi mmetaka nishikwe kwa aibu." Alitupa brashi, akatoka, akashika njia ya kwao bila kugeuka.

Nanyori alisikia hatua zikipotea. Kisha akaona msumari ukutani. Koti lilikuwa bado liko pale, na cheti ndani yake.

Alikimbia. Mama yake aliita, hakusikia. Alipita kati ya migomba mpaka kivuko cha mto Themi, akamwona Sumari yuko hatua kumi kutoka majini. Ng'ambo, askari watatu walikuwa wameketi juu ya mawe wakiosha miguu, bunduki zimeegemezwa kwenye mti. Hawakuwa wameinua macho.

Alimrukia kwa nyuma, wakaanguka wote wawili kwenye matete.

"Koti lako," alinong'ona. "Koti lako, mjinga wee!"

Walilala pale, nyuso kwenye matope, mpaka askari walipovaa viatu na kwenda zao. Hapo ndipo alipoweza kusema.

"Ni mimi niliyepaka."

"Najua ni wewe. Kwa nini?"

"Nilihesabu. Ukuta mmoja, siku mbili. Nikasema ukuta ukikataa chokaa, hutaondoka."

Sumari alimtazama. Uso wote matope, shanga safu moja imekatika. "Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Haya."

Sumari alitaka kucheka, sauti ikamtoka vingine. Nanyori akamshika kichwa, akakiweka begani kwake.

"Twende kwenu, moyo wangu. Sasa hivi. Tujifiche mlimani."

"Kwetu karani anapajua, niliandikwa. Nikitoroka watamshika baba. Na hapa watamshika mama yako mpaka nionekane. Umewaona wale mama wa watoro, wamekalishwa juani bomani?"

Alikuwa amewaona.

"Naogopa, Nanyori. Usidhani siogopi. Lakini nitamaliza. Siwezi kusimama mbele ya mama yako kumwomba binti, na ukuta wake unaanguka nyuma yangu."

"Kumwomba nani?"

"Umesikia."

Siku tatu walifanya kazi pamoja. Walikwangua mafuta kwa majivu na maji ya moto, ngozi za vidole zikatoka. Nashipae alipoona mtungi wake mtupu, na mikono ya binti yake, alijua yote. Aliinua mwiko. Kisha akaushusha, akachukua majivu, akaanza kusugua pembeni yao.

"Mafuta yangu ya mwaka mzima," alisema. "Ungepaka kipande tu, ukanibakishia ya kujipaka."

Siku ya tatu nyumba ilisimama nyeupe mpaka mtu anakunja macho. Hanna alipita chumba hadi chumba, viatu vikilia, akigusa kuta kwa kiganja kizima. Hakuna kilichoanguka. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Alipogeuka, alimwona Nanyori amejikunyata mlangoni, na furaha ikamtoka usoni.

"Eliasi," alimwambia mumewe polepole, "huyu fundi si tungemwacha? Jiko bado..."

"Jiko limekwisha, ninaliona," alisema karani. "Leo asubuhi wamekosekana watu sita. Wakikosekana, bwana mkubwa ananitazama mimi." Akanyoosha mkono. "Cheti."

Sumari alikitoa kwenye koti. Lakini kabla hajakitoa mkononi alimgeukia Nashipae, akapiga goti juu ya sakafu aliyoipiga mwenyewe.

"Mama, sina ng'ombe, na ninakokwenda hakuna anayerudi na ng'ombe. Ninamwomba Nanyori. Nikirudi nitalipa mahari yote. Nisiporudi, yuko huru."

Nashipae alimsogelea. Akatemea mate viganjani, akayapaka kichwani kwa kijana, akatemea tena, akampaka binti yake. Kwao hiyo ndiyo baraka, na haiombwi mara mbili.

"Haya," alisema. "Nimempata mkwe siku ninayompoteza."

Karani alichukua cheti, akakikunja mara nne.

Mchana msafara ulitoka bomani kwa njia ya Moshi, watu zaidi ya mia, kamba kutoka shingo hadi shingo. Sumari alikuwa wa saba, sanduku la risasi kichwani, chokaa bado nyuma ya masikio. Nanyori alifuata kando ya njia. Alivuka Themi. Alipita migomba ya mwisho. Askari wa nyuma alichoka kumtazama.

"Rudi kwenu, binti!"

"Mimi mke wake."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Kichwa changu hiki bado kibichi kwa mate ya baraka."

Watu wa kamba walicheka, na ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka tangu bomani. Sumari alisema bila kugeuza shingo, "Rudi, mpenzi. Nakuomba. Kule watu wanakufa."

"Nimesikia."

"Wake za wapagazi wanabeba vyungu," alisema askari, "na hawapewi chakula mpaka wengine washibe. Na kule tunakokwenda, mama, hakuna nyumba."

"Mimi mtoto wa Mmaasai, afande. Kwetu nyumba inajengwa na mwanamke. Popote mtakapolala, nitakata fito nijenge. Hata ikiwa ya usiku mmoja."

Askari alitema mate pembeni. Akaonyesha kwa mdomo nyuma ya msafara, ambako wanawake wanne walikuwa wanatembea na masufuria.

Nanyori hakwenda nyuma kwanza. Alipita karibu na mtu wa saba, akaingiza vidole viwili chini ya ile kamba ya shingoni, akailegeza kidogo. Kisha akarudi nyuma, akachukua chungu kizito kuliko vyote, akakiweka kichwani.