Leo Dawa Imepuliziwa Banda Lipi?

Mume wangu Olmedo hukata mawaridi. Mimi huyapanga kwa urefu na kuyafunga mashada. Tunafanya kazi shamba moja, karibu na mji wa Cayambe, juu milimani, na siku za kazi tunaamka saa kumi alfajiri. Yeye huwasha jiko, mimi hukoroga uji wa shayiri. Tunakunywa tukiwa tumesimama, maana basi la shamba halimsubiri mtu.

Mwaka ule uji haukupita kooni vizuri.

Mwezi wa Oktoba Olmedo aliingia banda la nne kukata maua. Ubao wa langoni ulisema dawa ya wadudu ingepuliziwa banda la saba. Lakini alfajiri upepo uligeuka, na wapulizaji wakaona bora waanze na la nne. Ubao haukubadilishwa. Kitambaa chekundu cha onyo kilichofungwa mlangoni kilichukuliwa na upepo huo huo. Olmedo alikaa mle nusu saa. Walimkuta ameketi chini, anahema kama mtu aliyekimbia mlima mzima.

Alilazwa siku nne. Daktari aliniita pembeni.

"Mama, kifua cha mumeo ni dhaifu tangu zamani," alisema. "Akivuta tena dawa mbichi, safari hii huenda tusiweze kumsaidia."

Tuliomba apewe kazi nyingine. Tukaambiwa hakuna nafasi mpaka msimu wa Februari upite. Basi akarudi mabandani. Kila asubuhi nilishuka kwenye basi nikawa nauliza, "Leo dawa imepuliziwa banda lipi?" Mmoja alisema la tano. Mwingine alisema la kumi. Wa tatu alisema, "Muulize Mzee Cornelio." Mzee Cornelio ndiye mkuu wa wapulizaji, na saa hiyo alikuwa mbali ndani ya shamba, amevaa barakoa. Nilimsindikiza Olmedo mpaka mlangoni, nikanusa hewa, kisha nikakimbia kwenda kwenye meza yangu. Mara mbili nilikatwa mshahara wa nusu saa kwa kuchelewa.

Shambani alikuwepo Targelia Farinango, mkuu wa chumba cha baridi cha kuhifadhia maua. Ndiye aliyemsimamia mwanangu wa kwanza kwenye ubatizo, na kwetu huo ni undugu kamili. Tuliitana komadre. Alifariki Juni iliyopita. Naandika haya ili alichotufundisha kisiondoke naye.

Mwezi wa Novemba, Injinia Fabricio, meneja wetu, alitukusanya uani. Alikuwa na simu mkononi.

"Kuna programu mpya," alisema. "Inaitwa Minga. Kuanzia leo taarifa zote za kazi zitapita humu. Kila mtu aiweke kwenye simu yake. Maswali?"

Sisi tunaijua minga. Ni siku ambayo kijiji kizima hutoka kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, kila nyumba na jembe lake.

"Injinia," mtu aliita kutoka nyuma, "minga gani hii isiyo na chakula?"

Watu walicheka. Injinia hakucheka. Alitazama saa yake, akasema tutazoea, akaenda zake. Maelezo yote hayakufika dakika kumi.

Mezani kwetu maneno yalianza siku hiyo hiyo.

"Hiyo ni ya kutuchunguza," alisema Fanny, anayefunga maua upande wangu wa kulia. "Itajua hata ukienda chooni."

"Ikijua ya kwako itachoka," nilimjibu. "Unakwenda mara ngapi kwa siku?"

"Cheka tu. Na bando utaninunulia wewe?"

Hata hivyo tuliiweka, maana tuliogopa kuonekana wakaidi. Hapo ndipo tulipofanya kosa letu. Kwetu huingii mahali penye watu bila kuwasalimu, na anayesalimiwa lazima aitikie. Tulikuwa watu mia na ishirini mle ndani. Kila alfajiri kila mmoja alituma salamu. Fanny alituma malaika mwenye mbawa za dhahabu. Mwingine alituma njiwa, mwingine kikombe cha kahawa kinachofuka moshi, na maneno "Mungu akubariki." Wengine wakaitikia mmoja mmoja. Simu zilitetemeka mifukoni mpaka tukazizima sauti.

Jumatatu moja, upepo uligeuka tena. Injinia aliandika kwenye Minga: "Dawa imehamia banda la tisa." Ujumbe huo ulikaa katikati ya malaika na njiwa. Hakuna aliyeuona. Mzee Cornelio naye hakufunga kitambaa chekundu mlangoni. Alidhani simu zimeshatosha.

Olmedo alikuwa anakwenda banda la tisa. Siku hiyo sikumsindikiza, kwa kuogopa kukatwa tena. Targelia alikuwa anapita na toroli la ndoo. Alisikia harufu. Kisha akamwona mtu amenyoosha mkono kufungua mlango.

"Olmedo!" alipiga kelele. "Toa mkono hapo! Wewe punda wa mlimani, rudi nyuma!"

Olmedo aligeuka. "Kuna nini, komadre? Asubuhi yote hii unanitukana?"

"Nusa!"

Alinusa. Akaangusha mkasi. Targelia alimshika mkono, akamvuta mpaka penye upepo safi, akamketisha juu ya ndoo. Kisha akaja kuniita. Nilipofika nilimkuta mume wangu anapumua vizuri, mzima, amejiinamia. Nilimshika uso kwa mikono miwili.

Targelia alivua aproni, akaenda moja kwa moja ofisini. Mimi nilimfuata.

"Injinia, leo tungeweza kuzika mtu," alisema.

Injinia aliposikia habari alikaa chini. "Lakini niliandika," alisema. "Niliandika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Tatizo ni watu hawa, hawataki mabadiliko."

"Wametaka. Karibu wote wameingia. Hukuwaambia ni ya nini, na wao wakaifanya ya salamu."

"Ningefanyaje?"

"Ungeuliza kwanza. Muulize huyu komadre wangu kila asubuhi anahangaika kutafuta nini." Alinigusa bega. "Mwambie."

Nilimweleza. Nilimweleza daktari alivyosema, na jinsi ninavyosimama langoni nikiuliza watu watatu na kupata majibu matatu. Injinia alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka.

"Na jambo jingine," alisema Targelia. "Jana ulitaka maua ya banda la pili. Ukampigia nani?"

"Nilimpigia Cornelio."

"Kwa simu ya kawaida. Wewe mwenyewe ukiwa na haraka huitumii hiyo Minga, halafu unataka sisi tuitumie?"

Injinia alikuna shingo. "Sema tufanye nini, Mama Targelia."

"Kwanza tupe saa moja ya kazi Jumamosi, na ilipwe. Na ulete nyama. Minga ni chakula."

Jumamosi tulitandika vitambaa uani. Kila mtu alimwaga alichobeba: viazi vya kuchemsha, mahindi, maharage makubwa, jibini. Injinia alileta nguruwe wa kuchoma. Tulikula kwanza. Tuliposhiba, Targelia alisimama.

"Nani hapa ameshawahi kuingia banda lenye dawa mbichi bila kujua? Msiogope, inueni mkono."

Olmedo aliinua wake. Akafuata mwingine. Nilihesabu kumi na wanne. Wa mwisho alikuwa Injinia mwenyewe.

"Mwaka juzi," alisema. "Nilitapika siku nzima. Niliona haya kusema."

"Basi," alisema Targelia, "programu hii ina kazi moja tu mpaka msimu uishe. Ituambie leo dawa iko banda lipi. Mengine tutajifunza baadaye."

Akatuonyesha kwenye simu yake. Ndani ya Minga unaweza kutenga vyumba. Chumba kimoja kilikuwa cha salamu. Cha pili kilikuwa cha dawa, na humo wa kutuma ujumbe ni wapulizaji tu. Sisi wengine tulitakiwa kusikiliza, kisha kubonyeza kidole gumba kuonyesha kwamba tumesikia. Akatuambia tuwashe tena sauti za simu, maana ujumbe wa chumba hicho ungejifungua na kusikika wenyewe.

"Na malaika wangu?" aliuliza Fanny.

"Malaika wako atakaa chumba cha salamu. Hatumfukuzi."

"Na hii kutuchunguza?"

Injinia alisogea, akampa Fanny simu yake. "Tazama mwenyewe. Hiki ndicho ninachoona." Fanny aliipekua mbele ya watu. Aliona ujumbe na majina ya waliobonyeza kidole. Hakuona mtu yuko wapi. Injinia aliahidi mambo matatu hadharani: hatamfuatilia mtu, hatatuma ujumbe baada ya saa za kazi, na langoni na ndani ya basi ataweka intaneti ya bure ili bando la mtu lisiguswe. Wenye simu za kitochi waliwekwa wawili wawili na wenye simu kubwa.

Mzee Cornelio pekee alikaa pembeni, amekunja mikono.

"Miaka ishirini na miwili nimepulizia dawa," alisema. "Daftari langu linanitosha."

Targelia hakubishana naye mbele ya watu. Alimchukulia sahani ya mahindi, akakaa karibu yake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mzee wangu, macho yanasumbua?"

Aliisogeza sahani pembeni. "Hayo maandishi ni kama sisimizi," alisema kwa sauti ya chini. "Nikibonyeza vibaya, nikaandika sita badala ya tisa, je? Nikiua mtu?"

"Usiandike. Shika hapa, ongea, achia."

Alishika. Akaisogeza simu mdomoni kama anataka kuila.

"Cornelio hapa!" alipiga kelele. Simu zote uani zililia kwa pamoja, na sauti yake ikatoka kila mfuko. Watu waliangua kicheko. Naye akacheka, mzee yule, mpaka machozi.

Mambo hayakunyooka siku moja. Jumatatu iliyofuata wakataji walikuwa arobaini, na vidole vilivyobonyezwa vilikuwa kumi na vinane. Injinia alitaka kuwaandikia barua wasiobonyeza.

"Subiri," alisema Targelia. "Niwaulize."

Alizunguka kwa miguu, banda kwa banda. Mmoja alikuwa amesahau neno la siri. Mmoja alivaa glavu nene na kioo cha simu hakikumsikia. Mwingine hakuelewa Kihispania vizuri, basi Mzee Cornelio akawa anasema mara mbili, kwa Kihispania na kwa Kichwa, lugha ya wazee wetu wa milimani. Kila shida ilikuwa ndogo, na kila moja ilipata dawa yake. Injinia naye aliacha kupiga simu za pembeni. Mtu akimuuliza jambo la dawa njiani, alijibu, "Lipo chumbani, tusikilize pamoja," akatoa simu yake. Ubao wa langoni aliung'oa kwa mkono wake, kwa sababu ulikuwa ukidanganya. Vitambaa vyekundu vilibaki, na sasa vilifungwa kwa waya. Simu inaweza kuzima chaji. Kitambaa hakina chaji.

Kufikia mwisho wa Januari vidole vilikuwa thelathini na tisa kati ya arobaini. Yule wa mwisho hakuwa na simu kubwa, na mwenzake alimfikishia habari kwa mdomo.

Ikaja Februari, wakati dunia nzima inataka mawaridi. Tulifanya kazi mpaka vidole vikapasuka. Alfajiri moja upepo ulivuma kwa nguvu kutoka mlimani. Tulikuwa ndani ya basi, hatujafika bado. Simu zikalia. Sauti ya Mzee Cornelio ikajaa basi zima:

"Cornelio hapa. Msiende banda la sita. Kwa ubaya wa upepo, tumehama kutoka la nane. Nimepulizia la sita, nimefunga kitambaa. Asiingie mtu mpaka kesho saa moja."

Olmedo alikuwa amepangiwa banda la sita siku hiyo. Alibonyeza kidole chake. Kisha akanigeukia.

"Nitaanzia la pili," alisema, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Basi zima lilikuwa linabonyeza. Mimi nilikuwa nimeketi na Targelia. Niliegemeza kichwa begani kwake, kwa dakika moja tu, ili niyapumzishe macho.

Nilipoyafungua, basi lilikuwa limesimama langoni na viti vyote vilikuwa vitupu. Targelia alikuwa bado ameketi, ameshikilia begi langu na lake.

"Olmedo yuko wapi?" niliuliza.

"Ameshakwenda kazini zamani. Alisema nisikuamshe."

Nilichungulia dirishani. Kwa mbali, nje ya banda la pili, mume wangu alikuwa anasukuma kitoroli chake, anaongea na mtu, anacheka. Tangu Oktoba ilikuwa mara ya pili tu kwenda bila mimi kumfikisha mlangoni, na safari hii sikuwa nimeogopa. Nilikuwa nimelala.

"Umeniua bega, komadre," alisema Targelia, akilinyoosha. "Haya, amka, tutachelewa sote wawili."