Mifupa Chini ya Uwanja wa Gwaride

"Leo tunamzika mjane wa kaka yangu," mzee aliwaambia waombolezaji asubuhi ile, huku wachimbaji wakimalizia kaburi nyuma yake. "Shemeji huyu alinilisha kama mwanawe..."

Hakumaliza. Mchimbaji mmoja alichomoka shimoni, koleo akaliacha humo humo.

"Jamani, humu tayari kuna mtu!"

Watu nao! Wengine walikimbilia magari, wengine wakakimbilia shimo kuchungulia, jeneza likabaki na binti wa marehemu peke yake.

Inspekta alifika kabla ya saa nne. Vijana wa kituoni walimwita Bi Kwanini, kisogoni mwake bila shaka, maana hakuwahi kutosheka na jibu la kwanza. Alikunja suruali akashuka shimoni mwenyewe.

Juu kabisa palikuwa na udongo uliomwagwa na manispaa ilipopageuza mahali hapa makaburi. Chini yake, kokoto zilizoshindiliwa zikawa ngumu kama saruji: uwanja wa gwaride, enzi za kambi ya jeshi. Chini ya kokoto, udongo mweusi wa shamba, na mifupa ilikuwa humo. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni. Mfupa wa mguu wa kushoto ulikuwa na kinundu, kama uliowahi kuvunjika ukaunga vibaya. Nusu ya mifupa ilikuwa bado imo ndani ya ukuta wa shimo, na kokoto za juu yake hazikuwahi kuguswa.

"Askari hao," mzee alisema kutoka juu, akijipepea kwa kofia. "Walikuwa wakilewa wanauana, wanafukiana. Nilimwambia mtoto huyu tuzike kule mbele, huku kuna mabomu. Hakusikia."

Ofisi ya makaburi ilikuwa chumba cha zamani cha walinzi wa kambi, nondo bado ziko madirishani. Inspekta alimwita binti kwanza.

"Kwa nini kaburi hapa?"

"Mama aliagiza. Hili lilikuwa shamba letu kabla ya wanajeshi. Pale palikuwa na tuta lake la vitunguu."

"Na baba?"

"Alituacha, nikiwa mdogo."

"Alikuwa akichechemea?"

Binti aliikalia mikono yake. "Mguu wa kushoto. Mkokoteni wa ng'ombe ulimkanyaga."

"Walielewana na mama?"

"Walikuwa wakigombana kila siku." Kisha akasikia alichokisema. "Hapana! Usiniambie mama yangu ndiye... kwenye vitunguu vyake?"

"Sijasema kitu, mwanangu."

"Lakini unafikiri!"

Alikuwa anafikiri, tena sana. Alizunguka meza, akafungua dirisha, akalifunga, akatoka nje kuongea na waombolezaji. Aliporudi alimwita mzee. Binti aligoma kutoka.

"Mzee, kaka yako yuko wapi?"

"Ng'ambo ya mpaka, na mke mwingine. Nilimwona kwa macho yangu, nikamwambia shemeji asijichoshe kungoja."

"Lini?"

"Kambi ilikuwa imeshafunguliwa. Nilipanda lori lao."

"Kwa nini alikuachia familia?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimetoka kumwona sasa hivi, na mguu wake mbovu. Yuko chini ya kokoto, na kokoto hazijaguswa tangu zimwagwe. Alikufa kabla ya kambi. Uliyemwona ni nani?"

"Labda nilimfananisha. Duniani wawili wawili." Mzee alijifuta jasho. "Lakini tuta ni la nani? Walikuwa paka na panya wale! Muulizeni mwenye vitunguu."

"Maiti hajibu, unajua hilo. Sasa kwa nini ulimwita mjane?"

"Nani?"

"Shemeji yako. Wote wamekusikia, na mifupa ilikuwa haijaonekana. Mume yu hai ng'ambo, mkewe amekuwaje mjane?"

"Ulimi hauna mfupa."

"Ndiyo maana umeteleza, mzee."

Binti alisimama. "Baba mdogo?"

Lile neno baba ndilo lililomvunja. Mzee alikaa chini, kofia ikadondoka.

"Wanajeshi walilitaka shamba, wakaniahidi kazi kambini. Kaka akaapa hahami ng'o. Kila kitu yeye! Mimi hata kuku siuzi bila ruhusa yake. Tulikuwa pale tutani, jembe liko mkononi... Wiki haikuisha wakaja wakamwaga kokoto. Nikasema nimesitirika." Akamtazama binti. "Lakini nimekulea. Nimekusomesha."

"Ulikula kwa mama kila Jumapili!" binti alifoka. "Akilia unamwambia anyamaze, mwanamume mwenyewe hafai. Alikufa akiona aibu, unasikia? Aibu ya kuachwa!"

Mzee aliokota kofia yake. Polisi wawili walimtoa.

Inspekta alieleza, safari hii polepole, kwamba mifupa lazima ipelekwe kwa daktari na mazishi yasubiri. Binti aliitikia kwa kichwa. Alitoka hadi kwenye jeneza, akawapita shangazi na majirani waliotaka kumshika, akapiga magoti na kuweka mdomo karibu na mbao.

"Mama," alisema, "baba hakwenda popote."