Soma Kilichoandikwa

Keziah Tebbutt alitoka nyumbani saa kumi jioni kwenda njia panda kuchukua kitabu. Ndiyo kazi aliyopewa na wenzake kila mwisho wa mwezi. Na si kitabu kizima, maana chenyewe kilikuwa kirefu ajabu, na mwandishi wake huko London alikitoa kidogo kidogo, kijitabu kimoja kwa mwezi, chenye jalada la karatasi ya buluu. Wanawake kumi na wawili wa kijiji cha Wendlow walikuwa wamechanga kukinunua. Wote walisuka lesi, wote walipenda hadithi kupita kiasi, na aliyejua kusoma kati yao alikuwa Keziah peke yake.

Ilikuwa Novemba. Saa kumi jua lilishakwenda zake, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni. Keziah alitembea haraka, kwa sababu nyuma alikuwa amemwacha Letty kitandani.

Letty alikuwa na miaka tisa. Keziah alishazika watoto wawili na baba yao, na huyu ndiye aliyebaki. Mtoto mwenye mdomo! Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza imenyesha tangu saa ngapi na nani alikwambia. Lakini sasa ni wiki ya tatu hajabishana na mtu. Alikuwa akiwaka homa, anakohoa, amelala.

Gari la farasi likasimama njia panda. Mzee Jabez, mwenye gari, akamtupia kifurushi bila kushuka.

"Haya, kamateni mzigo wenu. Na huyo mtoto asife, tafadhali. Mke wangu ameapa akifa yule mtoto sipikiwi wiki nzima."

Keziah akakamata ukingo wa gari. "Mtoto gani?"

"Si Ismay! Wa kitabuni. Kwani kuna mwingine?" Akacheka, akapiga mjeledi, akaenda.

Keziah akabaki na kifurushi mkononi.

Kwa sababu alikuwepo mwingine. Mwezi wa sita Ismay wa kitabuni alianguka mtoni, na usiku uleule baada ya kisomo, Letty akateleza kwenye bwawa la kinu. Watu wakacheka, wakasema ndiyo matokeo ya kusikiliza hadithi. Mwezi wa kumi Ismay alishikwa na homa, wakamnyoa nywele. Mwezi ule mto ulifurika, watu hawakuweza kukutana, kisomo kikachelewa wiki nzima, na Letty alikuwa mzima wiki nzima akirukaruka. Siku waliposoma, kabla mshumaa haujazimwa, mtoto alikuwa moto. Daktari akaagiza anyolewe. Keziah alizikata nywele zile kwa mkono wake, na hakumwambia mtu alichokuwa akiwaza.

Alichokuwa akiwaza ni hiki: halitokei mpaka lisomwe. Na anayesoma ni mimi.

Sasa, vijitabu vile vilikuja na kurasa zimeshikana kwenye mikunjo, lazima uzipasue kwa kisu ndipo usome. Na Wendlow walikuwa na mwiko wao: kisu hakigusi karatasi mpaka wote wameketi, ili asiwepo wa kujua kabla ya mwenzake. Keziah aliutunza mwiko ule miezi yote. Jioni ile, pale njia panda, aliinama pembeni ya ukuta wa mawe, akatoa kisu chake cha kukatia nyuzi.

Krrr... krrr... krrr...

Akasoma kwa mwanga kidogo uliobaki, midomo imefungwa kabisa, asije akatoa hata sauti ya pumzi.

Ukurasa wa ishirini na saba, Ismay alikufa.

Keziah akakaa chini kwenye majani yenye maji. Aliyatazama maneno yale mpaka giza likayafunika. Kisha akanusa kitu. Harufu ya utambi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi... na pale hapakuwa na mshumaa.

"Umetangulia, Keziah," sauti ikanong'ona nyuma ya ukuta.

Hakugeuka. Alikimbia.

* * *

Walikutana kwa Bi Tryphena, mkubwa wao, mwenye chumba kipana. Mshumaa mmoja uliwekwa katikati, umezungukwa na chupa za maji za mviringo zilizokuza mwanga na kuumwaga kwenye mito ya kusukia lesi mapajani mwao. Wasukaji hodari walikaa karibu kabisa, na hao waliitwa mwanga wa kwanza. Nyuma yao mwanga wa pili. Nyuma kabisa, wanaojifunza, mwanga wa tatu, ambako mtu huona vidole vyake kwa shida.

Huko nyuma, tangu mwezi wa sita, alikuwa akikaa mwanamke mwenye shali nyeusi. Keziah alidhani ni ndugu yake Bi Tryphena. Hakuwahi kuuliza. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alimtazama vizuri. Vijiti vya mfupa vya kusukia lesi vilikuwa vikigongana mikononi mwake, ke-ke-ke-ke, mbio kuliko vya mtu yeyote pale.

Lakini havikuwa na uzi.

"Letty nimemwacha na dada yangu," Mahala akasema, akikaa karibu na Keziah. Mahala ndiye rafiki yake wa kufa na kuzikana. "Kalala tu. Anaita mama, mama. Soma upesi, shoga, urudi." Akatupa jicho kwenye kijitabu. "He! Mbona zimeshapasuliwa?"

Vijiti vikatulia. Vyote, isipokuwa vile vya nyuma.

"Zimekuja hivyo," Keziah akasema.

"Zimekuja hivyo! Miezi minane haijatokea, leo zimekuja hivyo?"

"Mahala, mwache," Bi Tryphena akasema. "Mwenzako ana mgonjwa. Soma, mwanangu. Tuambie kama mtoto wetu anapona."

Keziah akasoma. Alisoma kilichoandikwa mpaka ukurasa wa ishirini na sita. Akafungua ukurasa uliofuata, akayaona yale maneno yakimsubiri. Mwanamke mmoja alikuwa anafuta machozi tayari.

"Soma kilichoandikwa, Keziah," sauti ikanong'ona kutoka mwanga wa tatu. Hakuna mwingine aliyegeuka.

Akavuta pumzi, akadanganya.

"'Ismay akafumbua macho,'" alisema, macho yake ameyakaza kwenye karatasi. "'Homa ilikuwa imemtoka. Akasema, Mama, nasikia njaa. Nipe mkate na asali. Kisha... kisha akainuka kitandani, akaenda dirishani. Akasimama hapo akitabasamu, akitazama theluji.'"

Hapo maneno yakamwishia. Hakuwa mtunzi, alikuwa mama tu. Akafunga kitabu.

Kelele iliyolipuka pale! Wanawake wazima walikumbatiana wakilia. Bi Tryphena alipiga magoti kumshukuru Mungu. Mahala alimpiga Keziah mgongoni akisema, "Si nilisema! Si nilisema hawezi kumuua, ana roho gani?"

Mwanamke wa nyuma alisimama. Alipita kati yao wote na mtu hakumpisha, kwa sababu mtu hakumwona. Akamwinamia Keziah sikioni. Ile harufu ya utambi ilimjaa puani.

"Haya. Aliyemwandika ameshamwacha. Sasa ni wako. Kila atakachofanya, utamwambia wewe."

* * *

Keziah alipofika nyumbani, dada yake Mahala alimpisha mlangoni akicheka, akaenda zake. Letty alikuwa ameketi kitandani.

Paji la uso baridi. Macho wazi.

"Mama," Letty akasema, "nasikia njaa. Nipe mkate na asali."

Keziah alipiga yowe la furaha. Alimbeba, akamzungusha, akambusu kichwa chenye vinywele vifupi. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Asali haikuwepo, na kusema kweli Letty hakuwahi kuipenda, lakini nani angefikiria hilo usiku ule? Alikimbia kwa jirani kuomba. Aliporudi, mtoto alikuwa amesimama dirishani, anatabasamu, anatazama nje. Keziah akampa mkate mkononi, akalala usingizi wa kwanza baada ya wiki tatu.

Asubuhi Letty alikuwa palepale. Mkate mkononi. Haujaumwa.

"Letty, njoo mezani."

Kimya.

"Letty, mama anakuita."

Kimya. Tabasamu. Nje hapakuwa na theluji hata kidogo, kulikuwa na matope na bata wa jirani.

Watu walipita njiani wakampungia. "Mtoto amepona! Hongera, Keziah!" Naye Keziah aliitikia kwa mlango uliofunguliwa nusu, akisema asante, asante, bado hana nguvu. Nilimtaka mzima, na mzima ninaye, alijiambia. Atazoea. Ni homa tu imemchosha. Usiku alimlaza, akamfunika, akamwimbia. Alipoamka saa tisa, blanketi lilikuwa tupu, na mtoto yuko dirishani.

Siku tatu. Wiki. Wiki mbili. Hakula, hakukonda. Hakupepesa macho. Miguu yake ilivimba mpaka viatu havikuingia, ikawa ya rangi ya zambarau, naye anatabasamu. Keziah akaacha kufungua mlango kabisa. Mahala aligonga, akagonga, akasema, "Keziah, nimekukosea nini?" Akaondoka analia.

Wiki ya tatu, jioni, Keziah alikaa kwenye kigoda mbele ya mtoto, akachukua kile kijitabu cha buluu. Akakifungua popote. Akajifanya anasoma.

"'Ismay akaketi.'"

Letty akaketi.

Keziah akaziba mdomo kwa mkono. Mungu wangu! Kumbe inawezekana! Akawaza atamsomea ale, acheze, akue, aolewe. Atamsomea maisha yake yote. Kuna shida gani? Mama gani hamwelekezi mwanawe?

"'Ismay akacheka,'" akasoma, naye mwenyewe anacheka na kulia.

Letty akafungua kinywa, akacheka.

Kicheko kile Keziah alikijua. Kilikuwa kinene, cha mtu mzima, kinachokatika katikati na kuanza tena.

Kilikuwa cha Keziah mwenyewe.

Basi ndivyo ilivyo... Alichompa kilitoka kwake, kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa. Ubishi wa Letty, maswali yake, kununa kwake, hayo hakuyatunga yeye, na hakujua kuyatunga. Na wakati kile kicheko kikiendelea, hakikomi kwa sababu hakikuambiwa kikome, machozi yalikuwa yanamtoka mtoto. Mdomo unacheka. Macho yanalia. Macho yale yalikuwa ya Letty.

Alikuwa humo ndani. Siku zote hizo alikuwa humo.

"Mtoe," Keziah akasema. Hakujua anamwambia nani. Kisha akanusa ile harufu, akaona shali nyeusi kwenye kigoda cha pembeni, ambako mwanga wa moto haufiki. Ke-ke-ke-ke.

"Mtoe, nakuomba. Nichukue mimi."

"Humu kitabuni wewe hujaandikwa," mwanamke akasema taratibu.

Keziah alimtazama mwanawe. Alimtazama muda mrefu. Mtu asikudanganye kwamba kuna mama anayeamua jambo kama lile kwa ujasiri. Aliamua kwa sababu kile kicheko kilikuwa bado kinaendelea. Akafungua ukurasa wa ishirini na saba. Akasoma kilichoandikwa, kwa sauti, neno kwa neno. Yalikuwa maneno machache kuliko alivyoyakumbuka.

Kicheko kikakatika.

"Mama," Letty akasema, na ilikuwa sauti yake, yenye kulalamika, yenyewe kabisa. "Miguu inaniuma. Mbona umeniacha nimesimama? Nilikuita humu ndani usiku ule wa kwanza, hukuamka."

"Njoo ukae, mama. Njoo."

Akapanda mapajani, mzito, akalalamika kwamba goti la mama lina mfupa. Keziah alimsugua miguu. Alimsugua mpaka ikawa baridi, na hata baada ya hapo hakuacha.

Waliomzika Letty walikuwa wengi. Bi Tryphena alipoulizwa juu ya mwanamke wa mwanga wa tatu, alishangaa, akasema, "Lakini nyuma kule hakuna anayekaa, mwanangu, mwanga haufiki." Mahala alimsikiliza Keziah mwanzo hadi mwisho, hakubisha, ila tangu siku ile alikataa kusomewa kitu chochote, hata barua ya mwanawe aliyeko jeshini.

Keziah aliishi miaka mingi. Kisa kilipoenea, watu walimhurumia kwa jioni ile aliyosoma ukurasa wa ishirini na saba, wakamwambia asijilaumu. Naye aliwajibu kwamba jioni ile hajilaumu.

"Najilaumu kwa usiku ule wa kwanza aliposimama dirishani," alisema. "Aliniita akiwa humo ndani, nami nilikuwa nalala."