Aliyeiziba Leza Jicho

Marehemu alilala chali juu ya meza ya karakana, mdogo kama punje ya mchele. Alikuwa dayodi ya leza, moyo wa mashine ya kuchonga majina kwenye vyuma, na mwenye karakana alitaka mtu afungwe.

"Huyu hapa," alimwambia Inspekta, akimnyooshea kidole fundi wake. "Saketi yake ndiyo iliyoniunguzia. Mtie pingu."

Fundi alikuwa amelowa jasho. Tangu asubuhi hakuruhusiwa hata kuisogelea mashine. Kando yake alisimama binti wa mwenye karakana, mchumba wake, macho yamemvimba kwa kulia. Baba mtu alishatangaza kwamba hamwozi binti yake kwa mfungwa.

Inspekta hakuwa mtu wa kubabaishwa na kelele.

"Saketi yako inafanya nini?"

"Inadhibiti mkondo wa umeme, afande. Kihisi hiki kinatazama mwanga. Mwanga ukizidi, saketi inapunguza umeme. Ukififia, inaongeza."

"Na kihisi kikizibwa?"

"Kitaona giza tu. Saketi itaongeza umeme, itaongeza tena, mpaka dayodi iungue."

Inspekta aliinama, akabandua kwa kibano kipande cha utepe mweusi kilichofunika kihisi. Kwenye gundi ulikuwa umenasa unywele mmoja. Akauweka chini ya kioo cha kukuzia. Ulikuwa mweusi nchani, mweupe shinani.

"Utepe huu umekatwa kwa meno," alisema. "Aliyeukata ana ndevu, na anazipaka rangi."

Kidevu cha fundi kilikuwa kitupu. Mwenye karakana alifunika ndevu zake kwa kiganja, lakini alichelewa.

"Kumbe unapaka rangi, baba?" binti aliuliza.

"Hilo ndilo uliloliona?"

"Mzee, uliiua mashine yako mwenyewe?" Inspekta alimbana.

"Sikutaka ife." Mzee alijibwaga kitini. "Kijana alijigamba mwanga hautayumba hata iweje. Nilitaka uyumbe kidogo tu, nimwambie binti yangu huyu ni mbabaishaji. Akimchukua, mimi nitabaki na nani? Tangu mama yake atutoke, tuko wawili tu."

Hata Inspekta alimhurumia.

Fundi alikohoa. "Mzee, sisi tulipanga kukaa hapa hapa. Chumba cha uani. Tulikuwa tunaogopa kukuomba."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaitazama maiti mezani.

"Sasa ndiyo mnaniambia," alinung'unika, "dayodi ishakufa."