Mbishi na Gurudumu la Nyuma

Kila jioni, madaftari ya shule yakishawekwa mezani, Mbishi alitoka uani kuosha magurudumu ya pikipiki ya mama yake. Alikuwa na jina lake, lakini nani alilikumbuka? Binti anayeuliza "kwa nini" mara kumi kabla ya kumaliza chai angeitwa nani tena?

Mama alisambaza dawa kwenye zahanati, na barabara zilimrudisha na matope mpaka kwenye spoku za magurudumu. Tangi la mafuta aliliosha mwenyewe. Magurudumu yalikuwa kazi ya Mbishi: kuinama, kusugua, kusukuma pikipiki kidogo, kuinama tena. Akimaliza, mgongo ulimuuma kama wa bibi kizee.

Siku moja akagoma. Hakuigomea kazi, aliyagomea maumivu. Alimwomba Mama aisimamishe pikipiki kwenye stendi ya kati ili gurudumu la nyuma lining'inie. Akalimwagia maji ya sabuni, akayaacha matope yalainike huku akifanya hesabu za shule. Kisha akaketi kwenye kigoda, akashika brashi kwa mkono mmoja na kulizungusha gurudumu kwa mkono wa pili. Spoku zikamfuata palepale alipoketi.

Mjomba, aliyeishi nao na kujua kila kazi kwa kuitazama, akasimama mlangoni.

"Umeketi?"

"Nimeketi, Mjomba."

"Kazi isiyouma mgongo si kazi. Huo ni uvivu."

"Samahani, Mjomba, lakini matope hayaulizi kama mgongo unauma. Yakitoka, yametoka."

Mjomba akaguna. "Tutaona kama gurudumu litang'aa."

Maneno hayo yalimchoma Mbishi. Kesho yake alitaka gurudumu ling'ae mpaka Mjomba aone meno yake humo. Alipomaliza kuosha, alichukua kitambaa cha kupakia mnyororo oili, akapangusa rimu, akapangusa na diski ya breki, ile sahani ya chuma inayobanwa ili gurudumu lisimame. Liling'aa kweli. Mjomba alipita, akatazama, akaenda zake. Mbishi alikula chakula cha jioni akitabasamu peke yake.

Asubuhi, Mama akiwa jikoni anakunywa chai, Mbishi alikwenda kulizungusha tena, kwa maringo tu. Akabonyeza breki. Gurudumu halikusimama. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, nalo likaendelea kuzunguka taratibu. Harufu ya oili ikampanda puani, na hofu ikamshika.

Angeweza kunyamaza. Akisema, Mjomba angeshinda, na angemkumbusha mpaka azeeke. Lakini kabla ya zahanati ya kwanza palikuwa na mteremko mkali, na Mama alikuwa ameshavaa koti.

Akaingia jikoni. "Mama, usiondoke. Nimeharibu breki. Nilipaka oili kwenye diski ili ing'ae."

Mama akaweka kikombe chini. Mjomba, aliyeketi kando yake, naye akaweka chake. "Si nilisema? Kigoda hicho kingefaa kuwa kuni."

"Oili ni kosa langu, Mjomba," Mbishi alisema. Macho hayakushuka. "Kigoda hakina kosa."

Fundi wa jirani akaitwa. Akasafisha diski kwa spiriti, akatupa pedi za breki zilizokunywa mafuta, akafunga mpya, akajaribu mara tatu. Kila mara gurudumu lilisimama.

Mama akamgeukia binti yake. "Kuketi si uvivu, na kuloweka matope si uvivu. Mvivu ni yule anayeuacha uchafu. Njia yako nyepesi naikubali. Lakini ulipopaka oili hukuwa unaosha tena, ulikuwa unamringia mjomba wako. Breki haiguswi na mafuta, kumbuka hilo siku zote."

"Nimekosa, Mama."

"Umekosa, na umesema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kifo kingekuwa changu. Katika nyumba hii umembishia kila mtu. Leo umeibishia aibu yako mwenyewe. Ubishi wa namna hiyo usiuache."

Akavaa helmeti, akaondoka, amechelewa saa nzima.

Jioni pikipiki ilirudi na matope yake. Mjomba alizunguka uani mara mbili, akakohoa kidogo.

"Hicho kigoda," akauliza, "kinabeba na mtu mzima?"

"Kinabeba, Mjomba," Mbishi akajibu, akampa brashi.