Neno Ambalo Leya Hakulitafuta

Kila alasiri Leya aliposhuka kwenye basi la shule huko Okolona, Marekani, alimkuta mama yake, Spés, akijiandaa kwenda kazini. Spés aliunganisha viti vya magari kiwandani, zamu ya jioni.

Jumatatu moja alimpa Leya karatasi. "Mafundi wa Kijapani wamekuja kufunga mashine mpya. Haya ni maneno yao sita. Nitafutie maana kwenye simu, uniandikie kwa Kiswahili."

Leya alitafuta matano. *Abunai* ni hatari. *Yukkuri* ni polepole. Kabla hajafikia la mwisho, *tomare*, rafiki yake akapiga simu. Wakapiga soga mpaka mama akavaa viatu.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama." Harakaharaka Leya akaandika: *endelea*.

"Una hakika na yote?"

"Yote."

Spés akaenda akiyakariri kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku ya tatu, Spés alikuwa akisukuma toroli lililojaa vyuma. Fundi mmoja akapaza sauti, "Tomare! Tomare!" Spés akadhani anahimizwa, akasukuma kwa nguvu zaidi. Toroli likamgonga Angelika, jirani yao, aliyekuwa ameinama mbele. Kifundo chake cha mguu kikavunjika.

Asubuhi iliyofuata Leya alimkuta mama yake jikoni, macho mekundu.

"Nililisikia neno *tomare* vizuri kabisa," Spés alisema. "Labda kichwa changu hakishiki tena. Nimemvunja mwenzangu mguu."

"Kichwa chako hakina kosa, Mama," Leya alisema. " Lile neno sikulitafuta. Nilibuni tu." Akafungua simu, akasoma, machozi yakamtoka. "Maana yake ni simama."

Spés akachukua koti. "Twende kwa Angelika. Utamwambia mwenyewe."

Angelika alikuwa amelala kwenye kochi, mguu umefungwa plasta. Leya akapiga magoti, akaeleza yote bila kuficha.

"Mguu utapona," Angelika alisema. "Na msimamizi nitamweleza mimi, mama yako asilaumiwe. Lakini sikiliza, binti yangu. Ungesema 'hili sijalitafuta,' mama yako angeuliza kiwandani. Hakuuliza kwa sababu alikuamini. Usimpe mtu jibu usilolijua."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Mwombe na mama yako."

Leya akageuka. Spés alikuwa amesimama dirishani, akiwapa mgongo, akijifuta uso kwa mtandio.