Kufuli la Malachie

Pasi ya Emérence ilianza kupata moto yenyewe mchana wa Jumatatu, na Butembo ilikuwa na miezi minne bila umeme.

"Sikuli, weye ingénieur, nielezee," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Courant haiko. Hii moto inatoka wapi?"

Sikuli aliigusa pasi, akaurudisha mkono upesi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mhandisi wa njia kuu ya umeme, mtu wa hesabu, na habari za mizimu alizicheka hadharani. Lakini harufu iliyofuata, ya nywele zinazoungua, aliijua.

Watu wa nyaya walikuwa na sheria moja. Anayepanda mlingoti hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe na kuondoka na ufunguo. Mpaka ashuke, hakuna mkubwa wala mdogo anayeigusa. Mwaka uliopita Malachie, fundi wa kikosi cha Sikuli, alifunga, akapanda upande wa Vuhovi. Ndipo kamanda mmoja akaja na bunduki, akitaka taa za sherehe yake. Sikuli hakuthubutu hata kusema kuna mtu juu. Alilikata kufuli kwa msumeno, akawasha, na Malachie akaungua juu ya mlingoti. Mazishini alisema wanajeshi ndio waliokata, na watu walimwamini upesi, maana wanajeshi wale walikuwa wamefanya mabaya zaidi.

Kufikia Ijumaa mvumo wa waya uliingia kutani, ukashuka sakafuni, ukapita chini ya mkeka hadi kwa binti yao Kavuo, na mtoto akaanza kulia huku viganja vikitoka malengelenge meusi, na kila aliyejaribu kumshika alirushwa nyuma.

"Mama, kuko mutu anashika mikono yangu," alinong'ona. "Anauliza nani alifungua."

Mchungaji Ésaïe aliomba mpaka akalowa jasho.

"Huyu hapana shetani," alimwambia Sikuli. "Ni mutu mwenye alikufa, anatafuta mwenye alifungua. Enda useme kweli kwa bibi yake, ao mutoto atakufa."

Sikuli alienda Vuhovi kwa miguu. Alimkuta Jokébed, mjane wa Malachie, akichambua maharagwe, akapiga magoti, akasema yote. Mama yule hakulia.

"Najua. Alinielezea yeye mwenyewe."

"Basi umwambie aache mutoto yangu, mama. Nakuomba."

"Mwaka muzima nililala peke. Sasa akitoka kwenu anapitiaka hapa, anaikala, tunaongea. Nikimukataza kuja kwako, atarudia kwenye alitoka, na mimi sitamuona tena."

Alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharagwe.

"Ambia mutoto ajikaze."